Kuna Kijana Mmoja Kule Kazini

Kila Jumapili saa kumi na mbili jioni simu ya jikoni ililia katika fleti ya Wheaton, na kila Jumapili Bibi Ghati alikuwa ameshakaa karibu nayo, miguu juu ya kigoda, kikombe cha chai mkononi. Alijua ni Method, mjukuu wake, anapiga kutoka California, upande wa pili wa Amerika.

"Mke wangu, hujambo?"

"Sijambo, mume wangu. Umekula?"

"Nimekula. Sasa sikiliza. Kuna jamaa mmoja, mlinzi wa benki. Siku moja anafika kazini, anakuta mlango wa chumba cha fedha uko wazi."

"Halafu?"

"Anaangalia huku na huku. Anaingia."

"Mungu wangu! Halafu?"

Basi Method angesimulia hadi mwisho, na Bibi Ghati angekata simu moyo ukimwenda mbio. Kisha angeingia chumbani, apige magoti mabovu yale juu ya mto, amwombee mjukuu wake. Maana Bibi Ghati hakudhani hata kidogo kwamba zile zilikuwa hadithi.

Kwao Nyamwaga, kule Tarime, mtu mwenye jambo zito hasemi "mimi". Huja jikoni kwa mama au bibi, akasimama mlangoni akasema kuna mtu mmoja amefanya hivi na hivi. Mzazi mwenye akili haulizi jina. Husikiliza, akatoa neno lake, na yule mtu akaondoka nalo. Ndivyo alivyofanya mwanawe Wambura mwaka wa sabini na saba, kijana wa miaka ishirini, alipokuja akasema, "Mama, kuna kijana mmoja amempa mimba binti wa mwalimu mkuu." Bibi Ghati hakuacha kusonga ugali. Alisema, "Huyo kijana aende kesho akamwone mwalimu. Na kama ana mama, mama atamsindikiza." Kesho yake wakatembea wawili, mama na mwana, bila kusema lolote njia nzima. Mimba ile ndiyo Method. Binti wa mwalimu ndiye Jacqueline.

Wambura sasa alikuwa marehemu. Jacqueline alipata viza ya bahati nasibu, akaja Amerika na mwanawe, akafanya kazi ya kutunza wazee. Magoti ya mama mkwe yalipoharibika, alimleta akae naye. Hakuna sheria iliyomlazimisha. Bibi Ghati hakulisahau hilo hata siku moja.

Kwa hiyo Method alipoanza kusema "kuna jamaa mmoja", bibi alisikia anachokijua. Mtoto ana jambo. Ila majambo yenyewe yalikuwa mengi kupita kiasi. Baada ya mlinzi wa benki alikuja mwanamke anayemtilia mumewe sumu kwenye supu. Akaja daktari anayebadilisha watoto hospitalini. Kufikia mwaka 2008 Bibi Ghati alikuwa amehesabu wafu kumi na saba, nyumba nne zilizoungua na ndege moja. Na kila baada ya mwaka mmoja au miwili Method alikuwa akipandishwa cheo.

Alianza mwaka 2001 chumba cha barua, katika kampuni kubwa ya filamu huko Hollywood, akisukuma kigari cha bahasha kutoka ofisi moja hadi nyingine. Akawa msaidizi wa mtu. Akawa msomaji, yaani mtu wa kusoma miswada ya filamu na kuandika karatasi moja kuwaambia wakubwa huu ununuliwe, huu utupwe. Akawa mkurugenzi wa hadithi. Na mwaka huu, 2008, Jacqueline aliingia na sare yake ya kazi akipiga vigelegele tangu kwenye lifti: Method amekuwa makamu wa rais.

"Makamu wa rais wa nini?" Bibi Ghati aliuliza.

"Wa kampuni, Mama."

Alimwuliza jirani yao Akinyi, Mkenya, ambaye alikuwa na jibu la kila kitu. "Nyanya, hii Amerika mavaisi-presidenti ni wengi kama nzi," Akinyi alisema. "Yule wa benki pale kona alinifungulia akaunti. Alikuwa na doa la mchuzi kwa tai."

"Na huyu wetu?"

"Huyu wenu ni wa ukweli. Nimemwona kwa gazeti. Thirty-one na anaamua filamu gani itengenezwe! Aki huyo kijana alifanya nini kufika huko?"

Akinyi aliuliza kwa kushangaa tu. Lakini swali lilimkaa Bibi Ghati rohoni kama mwiba wa samaki.

Kati ya habari zote za Jumapili, moja ndiyo iliyomsumbua zaidi. Haikuwa na maiti wala moto. Kuna mzee mmoja, Method alisema, kazi yake kusoma miswada. Kila mchana anakula kwenye ngazi za nyuma, mkate wenye samaki wa kopo, na kila mchana anaukata katikati, nusu anampa kijana wa barua. Siku moja mzee analazwa hospitalini. Karatasi aliyoandika, nzuri kuliko zote, inawafikia wakubwa na jina la kijana.

"Halafu?" aliuliza Bibi Ghati.

"Halafu mzee anakufa," Method alisema, kisha akauliza habari za magoti.

Mwaka uliofuata alisimulia tena, na safari hii mzee hakufa. Alisamehe akahamia kando ya ziwa. Mara ya tatu kijana ndiye aliyefukuzwa kazi. Yule mwanamke wa sumu alikuwa na mwisho mmoja tu. Mlinzi wa benki vilevile. Huyu mzee wa mkate tu ndiye aliyekuwa na miisho mitatu, na yote mitatu ilisemwa haraka haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya anayemdai.

Na Bibi Ghati alimjua mzee mmoja aliyekula na Method.

Jina lake Wayne, mfanyakazi mwenzake Method. Mwaka ule wa kwanza, Method alipopasuliwa kidole tumbo, ni Wayne aliyepiga simu Wheaton. Jacqueline alikuwa kazini. Bibi Ghati alikuwa na maneno ya Kiingereza yasiyofika thelathini, na Wayne akayatumia hayo hayo, polepole, kama anayemwekea mtu mawe ya kuvukia mto. "Boy good. Boy eat. You sleep." Kisha hakukata. Alikaa kwenye simu dakika arobaini, asiongee cha maana, akipumua tu, akisema "okay, Grandma, okay", mpaka Jacqueline alipofungua mlango. Watu wangapi wangefanya hivyo kwa bibi wa kijana wa barua?

Tangu hapo Wayne alituma kadi kila Krismasi, yenye picha ya mbwa wake. Bibi Ghati alizihifadhi kwenye kopo la biskuti, na Akinyi ndiye aliyemsomea. Mwaka 2003 anwani ilibadilika, ikawa mji mwingine, jimbo lingine. Na maneno yakabadilika. "Anauliza, Method yuko aje?" Akinyi alisoma. Mwaka uliofuata vilevile. Method yuko aje?

Bibi Ghati alizirudisha kadi kwenye kopo. Lakini alijiuliza: kwa nini Wayne, aliyefanya kazi na Method, aulize Wheaton habari za Method?

Kadi ya mwisho ilisema, "Mwambie Method niliona jina lake kwenye skrini. Limependeza." Chini yake nambari ya simu, kama kila mwaka.

*

Sasa Jacqueline alikuwa ameandaa shukrani. Kanisa lao la Kiswahili lilikusanyika saa nane mchana katika jengo la kuazima, Wazungu wakishatoka. Mtu akipata kazi, akipona, akijifungua, familia nzima hupita mbele na sadaka, wote wamevaa kitambaa kimoja, na mkubwa wao husimama kutoa ushuhuda. Vitenge vya bluu vilikuwa vimeshashonwa. Mzee wa kanisa, Gervas, alikuwa ameshaandika kwenye ratiba: Bibi Ghati atashuhudia jinsi Mungu alivyomwinua Method.

"Mama, umeandaa maneno?" Jacqueline alimwuliza mara tatu wiki hiyo.

"Naandaa," alijibu Bibi Ghati.

Hakuwa akiandaa. Alikuwa na miaka sabini na tatu na hakuwahi kusimama mbele ya Mungu akamshukuru kwa kitu cha wizi. Kama Method alipanda kwa jasho lake, angeimba mpaka sauti ikauke. Kama alipanda juu ya mgongo wa Wayne, asingefungua mdomo, hata Jacqueline alie mbele ya kanisa zima. Na alikuwa na siku moja tu ya kujua.

Method alifika Jumamosi asubuhi. Alikuwa amealikwa kuongea na wanafunzi mtaa wa Shaw, huko mjini, karibu na chuo, na kuwaonyesha filamu ya kwanza iliyompa jina. Walimwekea chumba cha hoteli mjini, akakataa, akasema atalala kwenye kochi la mama yake. Kabla ya kuondoka alipiga magoti sakafuni na suti yake ya bei, akampaka bibi dawa ya miguu, taratibu, kidole kwa kidole.

Bibi Ghati alimtazama utosini. Mwizi gani hupaka bibi yake dawa? Kisha akajijibu kwamba na wezi pia wana bibi.

Mchana Akinyi alimpeleka Shaw kwa gari. Walizunguka mara nne kutafuta pa kuegesha, Akinyi akiwatukana wenye nyumba mpya kwa Kijaluo. Ukumbini walikaa safu ya tatu. Jacqueline alikuwa zamu. Filamu ilipoisha Method alipanda jukwaani, watoto wa watu wakampigia makofi, na Bibi Ghati akasikia machozi yanakaribia. Akayazuia. Bado hakuwa na hakika yanalilia nini.

Binti mmoja akasimama akauliza swali. "Anauliza alianzaje," Akinyi alinong'ona. Method akaanza kujibu, naye Akinyi akamtafsiria sikioni. "Anasema alikuwa mailroom. Siku moja akaona script imetupwa kwa pipa la takataka. Akaiokota."

"Kwenye takataka?"

"Ee. Akaisoma lunchtime, kwa ngazi za nyuma. Peke yake."

"Amesema peke yake?"

"Peke yake. Akaandika report, bosi akasoma, akashtuka, huyu ni nani. Ndiyo kupanda kukaanza. Nyanya! Mbona unanifinya hivyo?"

Bibi Ghati aliuachia mkono wake. Ngazi za nyuma zilikuwepo. Mchana ulikuwepo. Mkate tu ndio haukuwepo, na aliyeukata.

*

Jumapili baada ya chakula cha mchana, Jacqueline alikuwa ameshatangulia kushuka kupasha gari moto. Method alikaa jikoni na shati lake la kitenge cha bluu, akinywa chai. Bibi Ghati alikaa mbele yake na gauni la kitambaa hicho hicho.

"Mume wangu," alisema, "yale mambo unayonisimulia Jumapili. Nimeyabeba miaka saba. Leo naenda kusimama mbele za Mungu. Nataka kuyatua."

"Mambo gani, Bibi?"

"Ya benki. Ya sumu. Ya watoto waliobadilishwa. Sijawahi kukuuliza jina."

Method alimtazama, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka chai ikamwagika. "Bibi! Zile ni hadithi! Ni miswada ya filamu! Nilikuwa nakupima."

"Kunipima?"

"Mke wangu, wewe ndiye uliyenifikisha hapa. Wanaleta miswada mia kwa wiki. Mimi nachukua mmoja, nakusimulia. Ukisema halafu, halafu, halafu, Jumatatu nawaambia wanunue. Ukiniuliza kama nimekula, nautupa. Hujakosea hata mara moja. Kule wanasema nina pua ya kunusa hadithi nzuri. Pua ni wewe!"

Bibi Ghati aliipanga upya miaka saba kichwani. "Kwa hiyo yule mwanamke wa supu..."

"Hayupo duniani."

"Nilifunga siku tatu kwa ajili yake! Siku tatu, Method, na sukari hii niliyo nayo!"

Wakacheka wote wawili sasa, na kwa kitambo kidogo Bibi Ghati alihisi kifua kimekuwa chepesi kama cha msichana. Wafu kumi na saba wameondoka pamoja na ndege yao. Angeweza kuishia hapo. Gari lilikuwa linanguruma chini, na mtu asiyetafuta haoni.

Lakini aliuliza. "Na mzee wa mkate?"

Kicheko cha Method kilikatika.

"Ule nao ulikuwa mswada," alisema. "Mbaya. Haukununuliwa."

"Nani aliuandika?"

"Sikumbuki."

"Mswada mmoja una miisho mingapi?"

Method alitazama saa yake. Bibi Ghati aliinuka kwa kushika meza, akalitoa kopo la biskuti juu ya friji, akaliweka mbele yake, akarudi kukaa. Method alilifungua. Alitoa kadi moja moja, mbwa akizeeka kadi hadi kadi, mdomo ukiota mvi. Alizisoma zote. Ile ya mwisho aliisoma zaidi ya mara moja, kisha akaigeuza uso chini.

Honi ililia nje, fupi, ya adabu. Hakuna aliyesimama.

"Bibi," alisema Method, na sauti ilikuwa ya Wambura kabisa, ya mlangoni kule Nyamwaga. "Kuna kijana mmoja kule kazini."

Bibi Ghati alichukua kitambaa akaanza kuifuta chai iliyomwagika. Hakuuliza jina.

"Kuna mzee aliyemfundisha kusoma miswada. Kila siku, kwenye ngazi. Akaugua mgongo, akaenda kufanyiwa upasuaji, akamwachia kijana karatasi aipeleke kwa bosi. Bosi alikuwa haisomi tena kazi ya mzee. Alikuwa anasema amepitwa na wakati. Kijana akajiambia, wakiona jina lake wataitupa, na mswada wenyewe ni mzuri, itakuwa hasara. Akaipiga chapa upya. Akaweka jina lake mwenyewe. Neno jingine hakubadilisha hata moja."

"Halafu?"

"Mswada ukanunuliwa. Filamu yake baadaye iliingiza pesa isiyo na hesabu. Mzee aliporudi kazini na fimbo, wakampa karatasi ile ile asome, ajifunze kitu kwa kijana. Akaisoma yote. Akamtazama kijana." Method alikisukuma kikombe kando. "Akasema, 'Good work.' Basi. Baada ya miezi mitatu wakampunguza kazi. Walisema kijana anasoma vizuri kumshinda."

"Halafu?"

"Kijana hakumpigia simu. Mpaka leo. Na pipa la takataka, Bibi, halikuwepo."

Bibi Ghati alikikunja kitambaa mara mbili. Alitaka kulia kwa ajili ya Wayne na alitaka kumkumbatia huyu aliye mbele yake, na hakufanya lolote kati ya hayo, maana neno lilikuwa halijatolewa.

"Huyo kijana," alisema, "ampigie simu huyo mzee leo. Na kama ana bibi, bibi atakaa naye."

"Anaweza kupoteza kazi."

"Anaweza."

Method aliitazama simu ya ukutani kama inayouma. Bibi Ghati akaona hatainuka. Akaigeuza kadi, akaenda kwenye simu, akabonyeza namba moja baada ya nyingine. Iliita mara tano. Sauti ikapokea, nzee zaidi, lakini ile ile.

"Wayne," alisema. "Grandma. Wheaton." Akatafuta maneno mengine, na yaliyokuja ni ya Wayne mwenyewe. "Boy here. Boy eat. You listen, okay? Boy talk."

"Okay, Grandma," alisema Wayne. "Okay."

Akampa Method simu, akavuta kiti, akakaa karibu naye kiasi cha magoti kugusana. Method alianza kwa sauti ndogo. Bibi Ghati hakuyaelewa mengi, lakini alimtazama usoni bila kupepesa, maana bado hakumwamini kabisa, na alitaka kuona kama simulizi hii nayo ingepata mwisho wa haraka haraka. Alilisikia neno "report", lile alilolisema Akinyi ukumbini. Alilisikia jina la Wayne, kisha jina la Method. Kisha kimya kirefu upande wa pili, naye Method akifunika macho kwa kiganja. Hakukata simu. Upande wa pili nao haukukata.

Mlango ukafunguliwa. "Mama, jamani! Mzee Gervas anapiga simu, wameshaanza nyimbo," alisema Jacqueline, kisha akaona, akasimama na funguo mkononi. "Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa." Bibi Ghati alivua kilemba chake cha bluu, akakikunja vizuri, akakiweka mezani kando ya kopo la biskuti. "Mpigie Mzee Gervas. Mwambie shukrani yetu iahirishwe."

"Iahirishwe! Mpaka lini? Watu wameshona nguo!"

"Nguo haziozi, mwanangu. Kuna mtu tunamngoja, naye anakaa mbali." Akamgeukia Method, akamgusa goti. "Muulize kama bado ana yule mbwa."